Kila kompyuta nzito ni kupiga windo tu? Mafundi wa Tanga, pimeni kwanza

Ndugu Mhariri,

Salamu toka huku Tanga na hongereni kwa kazi. Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua niseme jambo moja linanikera sana, na najua siko peke yangu maana wanaoingia dukani kwangu wanalia hilohilo. Hapa mjini kompyuta ikishakuwa nzito, yaani unaiwasha, unaenda kuagiza chai na maandazi, unarudi bado vile viduara vinazunguka, jibu la fundi ni moja tu, uwe Ngamiani, uwe Chumbageni, uwe Makorora: "Hiyo ipigwe windo," yaani Windows ifutwe iwekwe upya. Hajaifungua, hajaangalia hata ina ramu kiasi gani, ile kumbukumbu ya kushikia kazi zilizofunguliwa, ameshakwambia iache njoo kesho na shilingi 15,000, mwingine 20,000. Kesho unaichukua inakimbia kweli, unafurahi, zinapita wiki kadhaa iko vilevile na wewe unarudi kwa fundi yuleyule.

Mimi nina stesheneri hapa Ngamiani, nachapa, naprinti, naskani vyeti, vijana wanakuja kuomba mikopo ya chuo na kazi za serikali, kwa hiyo kompyuta nzito kwangu si stori ya kijiweni, siku foleni imejaa halafu mashine ikaganda watu wanahamia duka la jirani na wengine ndo hawarudi tena. Imebidi mambo haya niyajue. Na ninayoandika hapa si siri wala si ya kitaalamu sana, ni vitu ambavyo fundi yeyote wa hapa mjini anavijua, ila hataki kuvifanya.

Sisemi kwamba windo haisaidii kabisa. Kama mafaili ya mfumo yameharibika au virusi vimejaa mpaka havitoki basi piga, hakuna namna. Lakini jamani windo mpya inakimbia kwa sababu bado ni tupu! Haina Office, haina braoza iliyofunguliwa matabu thelathini, haina antivairasi, printa haijawekewa draiva, masasisho hayajaanza kushuka. Ukianza kurudisha kimoja kimoja, na lazima urudishe maana ndo kazi uliyonunulia kompyuta, uzito nao unarudi. Ni sawa na baiskeli nzito kukanyaga kwa sababu breki inagusa rimu, halafu fundi anakupigia rangi mpya, unaondoka nayo unaringa mpaka ukutane na kilima.

Na kuna hasara nyingine ambayo haizungumzwi. Juzijuzi kaja mwalimu mmoja mama wa makamo toka Pongwe, shikamoo mwalimu, marahaba mwanangu, kakaa, kafungua laptopu yake, windo mpya inang'aa kabisa, na alama za wanafunzi wake za muhula mzima hakuna. Aliyempigia windo hakumuuliza kama kuna kitu cha kuhifadhi, alifuta kila kitu akaanza upya. Na mashine bado nzito vilevile! Kwa sababu tatizo halikuwa windo, tatizo ni hadidiski yenyewe, ile inayotunza mafaili yote, ilikuwa inakufa, na hilo mtu angeliona kwa dakika chache tu kama angeangalia.

Kuangalia kwenyewe hakuhitaji kifaa. Washa mashine, iache dakika tano au kumi itulie, usifungue kitu, halafu bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Inakuja Task Manager, ikija kama kiboksi kidogo bonyeza palipoandikwa More details. Utaona safu zimepangwa, CPU, Memory, Disk, Network, kila moja na asilimia yake juu. Wewe hapo hujafungua programu hata moja, kwa hiyo namba ikiwa juu ina sababu yake, na kila safu ina ugonjwa wake. Anza hapo, na fundi naye aanze hapo.

Kwa mashine nyingi zinazofika kwangu safu iliyokolea rangi ni ya Disk, imesimama 100% haishuki. Hapa watu wengi wanachanganyikiwa wanadhani diski imejaa, wanaanza kufuta picha za harusi za watu. Hapana, hiyo 100% si kujaa, ni kwamba diski iko bize muda wote haina nafasi ya kupumua. Sasa angalia kitu kingine, kasi yake, ambayo inaandikwa kwa MB kwa sekunde. Ukikuta Disk 100% na kasi yenyewe MB 1 au 2, hapo umemshika mwizi. Maana yake diski haifanyi kazi kubwa, inahangaika tu.

Inahangaika kwa sababu hadidiski ya zamani ndani yake ni sahani zinazozunguka, kwenye laptopu nyingi mara 5,400 kwa dakika, kwenye deskitopu nyingi 7,200, na kuna mkono unaokwenda na kurudi kutafuta kila kipande cha faili kilipo. Faili moja kubwa lililokaa pamoja, muvi kwa mfano, inalisoma vizuri tu, MB 100 hivi kwa sekunde. Shida ni vifaili vidogovidogo vilivyotawanyika, kila kimoja mkono uhame, usubiri sahani izunguke, kwa hiyo kwa sekunde nzima inajibu maombi mia moja hivi, wakati Windows ikiwaka inataka maelfu ya vifaili kwa mara moja, bado antivairasi nayo inataka kuvikagua vyote. SSD, ile diski ya kisasa inayotunza mafaili kwenye chipu, haina sahani wala mkono. Ile ya kawaida, inayoitwa SATA, inasoma kama MB 500 kwa sekunde, lakini hata hiyo siyo habari yenyewe, habari ni kwamba maombi ya vifaili vidogo inajibu makumi elfu kwa sekunde. Ndo maana mtu ana mashine ya mwaka 2012, anabadilisha diski peke yake, anadhani amepewa kompyuta nyingine.

Mi msimamo wangu ni huu, kama una hela ya kufanya kitu kimoja tu kwenye kompyuta ya zamani yenye hadidiski, nunua SSD. Inazidi bei ya kupiga windo, nakubali, tena inazidi mara kadhaa, lakini ukijumlisha windo ulizopigiwa mwaka huu na mwaka jana utakuta ungeshainunua. Na inaingia palepale ilipotoka ya zamani, na siyo lazima kuanza upya, kuna programu za kuhamisha kila kitu kutoka diski ya zamani kwenda mpya kama kilivyo, mafaili yako, Office yako, hata picha uliyoweka kwenye skrini.

Ila kabla ya yote pima afya ya diski. Kuna kiprogramu cha bure kinaitwa CrystalDiskInfo, kidogo sana, unakifungua kinasoma ripoti ambayo diski inajiandikia yenyewe na kinakupa neno moja, Good, Caution au Bad. Caution maana yake mara nyingi kuna sehemu za diski zimeanza kuoza, na diski ikifika kwenye sehemu mbovu haikati tamaa haraka, inarudia kusoma tena na tena, na mashine nzima inaisubiri, ndo pale mause inaganda halafu ghafla inaruka. Wengine wanasikia na mlio, tak, tak, tak. Sasa ukichukua diski kama hiyo ukaipiga windo unaifuta na kuiandika upya magigabaiti kwa magigabaiti, unaimalizia. Kwa hiyo utaratibu ni kukopi kwanza, kila kitu, kwenye diski ya nje au hata flashi kama ni nyaraka tu, ndipo mengine yafuate. Yule mwalimu angekuta Caution yake mapema alama zake tungezitoa zote.

Na huku kwetu diski zinaumia sana na umeme. Deskitopu haina betri, umeme ukikatika ghafla wakati diski inaandika, faili linabaki nusu, na ukirudi kwa kishindo ni balaa lingine, msimu wa masika na radi ndo usiseme. Mwenye ofisi anunue UPS, yaani betri ya akiba, hata ndogo, ya kumpa dakika chache za kuhifadhi kazi na kuzima kistaarabu. Laptopu ambayo betri imekufa na inaishi kwa waya nayo iko kundi hilohilo.

Haya, Memory. Hiyo ni ramu. Ukikuta iko 80% au 90% na hujafungua kitu, ramu haitoshi. Laptopu nyingi za mtumba zinakuja na GB 4, na kwa Windows 11 hiyo GB 4 Microsoft wenyewe wanasema ndo kiwango cha chini kabisa, yaani cha kuwaka tu, siyo cha kufanyia kazi. Ukifungua Chrome na matabu yako, WhatsApp ya kompyuta, na Word, ramu imeisha. Ikiisha kompyuta haikwambii, inaanza kuazima nafasi kwenye diski, inaweka huko vitu vya ramu na kuvirudisha, na kama diski yenyewe ni ile ya sahani basi unaona Disk 100% kumbe mgonjwa ni ramu. Kwa hiyo usiangalie safu moja ukakimbilia dukani, angalia zote mbili. Memory iko chini na Disk 100%, lawama ni za diski. Zote ziko juu, anza na ramu, na kama mfuko unaruhusu fanya vyote. GB 8 kwa kazi za kawaida inatosha vizuri. Kabla ya kununua fungua uone iliyomo ni aina gani, maana DDR3 haiingii kwenye nafasi ya DDR4, na laptopu nyingi za mwaka 2013 na kuendelea kidogo zinataka DDR3L ile ya umeme mdogo, ukiweka DDR3 ya kawaida inaweza isiwake. Na kuna laptopu nyembamba ramu imegandishwa kwenye bodi, hiyo huongezi, usikubali kudanganywa.

Hapohapo kwenye ramu kuna kituko kimoja cha mafundi wetu. Unakuta mtu kanunua ramu, ana GB 8 kamili ndani, halafu kapigiwa windo ya 32-biti kwa sababu fundi ana flashi yake moja ya miaka hiyo na anaitumia kwa kila mashine. Windows ya 32-biti kwa kompyuta hizi za kawaida haivuki GB 4, na kiukweli inakubakishia tatu na ushee. Ramu nyingine imekaa tu humo ndani kama mpangaji asiyelipa, hapana, kama umelipia chumba hulali. Ukitaka kujua, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na Pause, au nenda Settings, System, About, soma palipoandikwa Installed RAM. Ukikuta GB 8 na pembeni usable 3 na pointi, rudi kwa aliyekupigia, hiyo ni haki yako akupigie ya 64-biti bila hata mia.

Tuje kwenye joto, na hili watu wa Tanga wala hatuhitaji kuambiwa, kaskazi ikishaingia, Januari, Februari, hata mtu mwenyewe anaganda. Prosesa, ndo ile CPU, ubongo wa kompyuta, ina ulinzi wake, ikikaribia nyuzi 100 inajipunguza mwendo isiungue. Mwanzoni haizimiki, haikwambii kitu, inapunguza tu. Dalili yake ni kompyuta asubuhi nzuri, mchana nzito, jioni feni inapuliza hewa ya moto kama imefunguliwa tanuri au haizunguki kabisa. Ukifungua ndani unakuta vumbi limeziba matundu limegandamana na unyevu wa bahari na chumvi limekuwa kama blanketi, na ile pasta ya kupitisha joto kati ya prosesa na chuma imekauka imekuwa unga. Kusafisha na kupaka pasta mpya ni kazi ya saa moja, na hakuna windo duniani inayotoa vumbi. Na wewe mwenye laptopu acha kuiweka kwenye godoro au juu ya kanga, matundu ya hewa mengi yako chini, weka mezani.

Halafu kuna hili la chaja, wengi hawalijui. Laptopu nyingine zinaitambua chaja yake kwa pini ndogo ya katikati, ukichomeka chaja ya kuokoteza au waya wa ndani umekatika, zinakataa kuchaji betri na zinapunguza prosesa mwendo makusudi. Ukifungua Task Manager upande wa Performance ukaona Speed imeganda kwenye 0.7 au 0.8 GHz haipandi hata ukifungua vitu vingi, chomoa chaja uone. Ikipanda, umepata jibu kwa bei ya bure. Nimeshaona kijana kapigiwa windo na mashine ikarudi hivohivo nzito, kumbe ni chaja.

Yako mengine madogo nayapitia haraka. Kwenye Task Manager kuna sehemu ya Startup, humo mna programu zinazojiwasha zenyewe kila ukiwasha mashine, za kudanlodi, za mikutano, za muziki, zima usizozihitaji, ila antivairasi na vitu vya tachipadi viache. Diski C ikijaa mpaka ule mstari ukawa mwekundu, futa Downloads na Recycle Bin, pitisha Disk Cleanup, hasa kama humo kuna folda la Windows.old, yaani mabaki ya Windows iliyotangulia, maana hata SSD ikikosa nafasi ya kujigeuzia inapungua mwendo. Antivairasi mbili kwenye mashine moja zinagombana, bakiza moja, na Defender inayokuja na Windows kwa watu wengi inatosha. Na hizi programu zinazosema zitakuongezea ramu au kusafisha rejista ya Windows, toa zote, zenyewe ndo uzito.

Lingine, kuzima. Tangu Windows 8 ya mwaka 2012 kuna kitu kinaitwa Fast Startup, ukibonyeza Shut down kompyuta inafunga programu zako lakini kiini cha mfumo inakihifadhi kwenye diski na kesho inakirudisha kama kilivyokuwa, ndo maana inawaka haraka. Kwa hiyo mtu anazima kila jioni na bado kompyuta haijapumzika. Nenda Performance, CPU, soma Up time, utakuta siku nyingi tu ingawa jana usiku uliizima kwa mkono wako mwenyewe. Anayeanza upya kweli ni Restart. Ibonyeze mara mojamoja, mambo mengi ya ajabu yanaisha hapo.

Sasa virusi, maana najua wasomaji wanasubiri hapa. Virusi vipo, kwenye stesheneri ndo makao makuu yake, flashi zinaingia na kutoka mchana kutwa, mtu anafungua flashi yake anakuta mafolda yote yamegeuka shotikati. Lakini vile haviwi sababu kubwa ya uzito kama watu wanavodhani. Kinachonisumbua zaidi ni kile kinachoingizwa siku ya kupiga windo yenyewe. Windows haina leseni, Office haina leseni, fundi anatumia programu ya kuamshia, yaani ya kuzifanya zionekane zina leseni, na ili ikubali anazima Defender kwanza. Wengine wanasahau kuirudisha, wengine wanaiacha makusudi. Programu hizo zimedanlodiwa kusikojulikana, nyingine zimebeba wageni wanaochimba sarafu za mtandaoni kwa kutumia prosesa yako, feni inalia usiku kucha, hela anapata mtu mwingine kabisa. Na wana ujanja, ukifungua Task Manager wananyamaza, ukiifunga wanaendelea. Ukihisi hivo, ingia Windows Security, chagua Microsoft Defender Offline scan, inajizima inawaka nje ya Windows na kukagua kabla mgeni hajaamka, ni robo saa hivi. Kwa hiyo unaona, umepeleka kompyuta nzito ikatibiwe ikarudi na mzigo mpya!

Na tafadhali tutenganishe kompyuta nzito na mtandao mzito. Mtu anakuja analalamika laptopu imekufa, ukimwambia fungua Word inafunguka fyaa, kumbe ni intaneti inakokota. Zima wifi, fungua vitu vya ndani, vikikimbia basi mashine haina kosa, shida iko kwenye bando au mnara, hapo usimlipe fundi hata mia.

Limeingia na jipya. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft walifunga huduma ya kawaida ya Windows 10, wenye nazo zinaendelea kuwaka ila masasisho ya usalama yamesimama, labda ujiandikishe kwenye ule mpango wa nyongeza ambao kwa watu binafsi unafika Oktoba 2026. Basi sasa hivi kila fundi anapiga Windows 11. Lakini Windows 11 rasmi inataka TPM 2.0, ile sehemu ya usalama ndani ya mashine, na kwa upande wa prosesa za Intel kwa ujumla inaanzia kizazi cha 8, kilichotoka mwaka 2017. Mafundi wanaruka ukaguzi wanailazimisha kwenye mashine ya kizazi cha 3, GB 4, hadidiski ya sahani, halafu mwenye mashine anashangaa mbona imezidi kuwa nzito. Mashine kama hiyo ukiipa SSD na ramu inaweza kuishi miaka mingine, na asiye na kazi ya lazima ya Windows ajaribu Linux Mint, mfumo mwingine wa kuweka badala ya Windows, ni ya bure na ni nyepesi, mi kuna mashine yangu ya kuprintia iko humo na wateja hata hawajui.

Wanunuzi nao wasome namba vizuri. Stika ya i7, jina la prosesa za Intel, inauza sana madukani, lakini i7 ya laptopu ya mwaka 2011 yenye viini viwili tu (cores) inaachwa na i3 ya 2018. Angalia tarakimu baada ya kistari, i5-3320M hiyo 3 ya mwanzo ndo kizazi, i5-8250U ni kizazi cha 8, i7-10510U ni cha 10. Muuzaji akikwambia i7 muulize ya ngapi, utaona anavotafuta maneno.

Sasa Mhariri, nisije nikaonekana nawaonea mafundi. Wateja tuna sehemu yetu. Fundi akikwambia nipe elfu tano niipime kwanza nijue inaumwa nini, tunamwita tapeli, tunasema si umeangalia tu, hujafanya kitu. Akikupigia windo unaona rangi mpya, unaona kazi, unatoa hela bila ubishi. Kwa hiyo amejifunza kuuza tunachokubali kununua, na kijana mwenye meza yake moja barabarani na kodi ya kulipa simlaumu sana. Ila hili la kufuta mafaili ya mtu bila kumuuliza hapana, hilo halina utetezi.

Ninachoomba ni kitu kidogo. Mafundi wa Tanga mkubaliane bei ya kupima, iwe peke yake, na mteja ailipe hata kama hatatengenezewa hapo. Na kwenye risiti au hata kikaratasi cha daftari muandike mlichokuta: diski ni ya aina gani na afya yake inasemaje, ramu GB ngapi na inatumika asilimia ngapi ikiwa imetulia, joto limefika nyuzi ngapi, Windows ni ya biti ngapi. Mistari minne. Mteja akiondoka nayo anaweza kwenda dukani kununua ramu sahihi, au akaamua windo ndo inahitajika kweli, na safari ijayo mnajua mlipoishia. Vyuo vyetu vya ufundi navyo vinavyofundisha kompyuta viwape vijana mashine nzito ya kweli wakatafute sababu, siyo kuwafundisha kupachika flashi na kubonyeza Next Next.

Barua imekuwa ndefu najua. Kama nafasi ni ndogo Mhariri kata hayo ya i7, kata na ya chaja ukiona yamezidi, lakini pale niliposema mafaili yakopiwe kwanza kabla ya mtu kupigiwa windo usipaguse.

Ni mimi msomaji wenu,
Mwenye stesheneri, Ngamiani, Tanga